Barolo, Barbaresco au Brunello: chupa ya shamba moja iliyokaa miaka, uchukue ipi?

Binamu yangu alinipigia simu Novemba akiwa amesimama dukani Torino, chupa tatu za mvinyo wa Italia mbele yake na euro 120 mfukoni. Kazi yake kule ni kulea wazee, na alikuwa anajiandaa kurudi Malindi kwa Krismasi. Chupa ilikuwa zawadi ya kumpelekea Mzee aliyemwajiri zamani, Mtaliano mstaafu aliyekaa Malindi mpaka anagombana sokoni kwa Kiswahili.

"Kaka, zote nyekundu, zote zimeandikwa jina la shamba, zote zimepita miaka kumi. Nichukue ipi?"

Nilihudumu mezani miaka tisa kwenye hoteli za Waitaliano, Malindi na Watamu, kisha nikaenda misimu miwili kuvuna zabibu Langhe, vilima vya Italia zinakotoka Barolo na Barbaresco. Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, na kila mara nalijibu kwa maswali mengine. Nani atakunywa, na amezoea nini? Itafunguliwa lini, wiki ijayo au baada ya miaka mitano? Mezani kutakuwa na chakula gani? Chupa itasafiri vipi, na italala wapi kabla ya siku yenyewe? La mwisho ni pesa. Watu wengi huanza na hilo la mwisho, ndiyo maana wanarudi nyumbani na chupa ghali isiyowafaa.

Kwanza, jina la shamba lina maana gani?

Zamani watengenezaji wengi wa Barolo walichanganya zabibu za vilima mbalimbali ili kilima kimoja kifidie upungufu wa kingine. Mwaka 1961 nyumba mbili za mvinyo, Prunotto na Vietti, zilitenga zabibu za mahali pamoja na kuandika jina la mahali hapo kwenye chupa: Bussia kwa Prunotto, Rocche kwa Vietti. Upande wa Barbaresco, Bruno Giacosa alifanya hivyo na Santo Stefano mwaka 1964, Gaja na Sorì San Lorenzo mwaka 1967. Wazo lenyewe ni kongwe zaidi, maana kuna chupa iliyohifadhiwa mjini Bra yenye maandishi "Cannubi 1752".

Ila usidhani jina la shamba ni cheo. Bartolo Mascarello, mmoja wa watengenezaji walioheshimiwa sana Barolo, aliendelea kuchanganya zabibu za vipande vyake vinne mpaka anafariki mwaka 2005, na chupa zake zinatafutwa kuliko nyingi zenye majina ya mashamba. Jina linakueleza zabibu zilikotoka. Ubora uko mikononi mwa aliyezikamua.

Kuna na mtego wa ukubwa. Barolo ina majina rasmi ya mashamba 170, na Barbaresco 66. Lakini Bussia peke yake ni kama hekta 300, Cannubi ni kama 34, na Asili ya Barbaresco ni kama 14. Yote hayo yanaitwa "shamba moja". Neno *Vigna* likitangulia jina, mambo yanabana zaidi: kipande hicho kimesajiliwa, na zabibu zake zimetengenezwa peke yake. Montalcino, kwao Brunello, hakuna ramani rasmi ya aina hiyo, kwa hiyo jina unaloliona ni la kipande cha mwenyewe au la nyumba yake.

Na miaka inafanya nini? Ukimung'unya bibo la korosho ambalo halijaiva, ulimi unakauka na mashavu yanavutwa ndani. Ule ukakasi ndio tanini. Mvinyo mchanga wa Nebbiolo, zabibu ya Barolo na Barbaresco, unao mwingi kupita kiasi. Miaka ikipita, tanini zinashikana, nyingine zinatulia chini ya chupa kama mashapo, rangi inaelekea kwenye tofali, na harufu ya tunda bichi inaondoka ikipisha vitu vikavu: maua, majani, ngozi, uyoga. Anayependa mvinyo wa matunda matunda atasema umechuja, na kwa ulimi wake hajakosea.

Barolo

*Ardhi.* Vijiji 11 kusini-magharibi ya mji wa Alba, Piemonte. Zabibu ni Nebbiolo tupu, ambayo kwa kawaida huvunwa Oktoba, wakati ukungu unapojaa mabondeni. Kwa mnunuzi, Barolo zipo mbili. Upande wa magharibi, La Morra na kijiji cha Barolo chenyewe, udongo ni wa mfinyanzi wenye chokaa na rangi ya samawati, na mvinyo wake hulainika mapema na kunukia. Upande wa mashariki, Serralunga d'Alba na sehemu ya Monforte, ardhi ni kongwe na ngumu zaidi, na mvinyo hukaza. Cannubi iko pale aina hizo mbili za udongo zinapokutana, na wenyeji wanasema ndiyo sababu ina sifa za pande zote. Vigna Rionda ya Serralunga ni ya upande mgumu bila kificho.

*Pua na ulimi.* Rangi itakudanganya. Barolo ya miaka kumi na tano ni nyepesi, unaweza kusoma gazeti ng'ambo ya glasi, na ukingoni ina wekundu wa tofali. Nilikuwa na mgeni aliyenirudishia glasi akisema imetiwa maji. Nikamwomba anywe funda moja tu. Aliponyamaza, nikajua tanini zimemshika. Harufu inayosemwa siku zote ni waridi na lami, na ni kweli: waridi lililokauka ndani ya kitabu, na lami ya barabara mpya saa sita mchana. Baada yake hufuata urukususu, tumbaku, majani ya msitu yaliyolowa.

*Umri.* Sheria inataka miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake ndani ya pipa la mti, na Riserva, ile inayongojewa zaidi kabla ya kuuzwa, inataka miezi 62. Hiyo ni kwa sheria tu. Chupa nzuri ya Serralunga mimi nisingeigusa kabla ya miaka kumi na tano, na ya miaka thelathini bado inaweza kusimama. Ya La Morra huanza kufunguka karibu na mwaka wa kumi. Mavuno ya 2010 na 2016 yanasifiwa na karibu kila mtu. Ya 1996 yalichukua muda mrefu mno kulainika. Ya 2003 yalipigwa na joto kali na mengi yalizeeka mapema. Mwaka 2002 mvua ya mawe ilipita, na baadhi ya nyumba hazikutoa chupa zao za mashamba kabisa.

*Mezani.* Nyama ya ng'ombe iliyopikwa saa nyingi ndani ya mvinyo, tambi nyembamba za mayai zinazoitwa tajarin, jibini iliyokomaa, na msimu ukiwadia, tartufo nyeupe ya Alba, ule uyoga unaonuswa na mbwa chini ya miti. Kwa mapishi yetu, pilau ya nyama yenye viungo vya kutosha na pilipili ya mbali inakwenda nayo vizuri. Tui la nazi hapana.

*Mfuko.* Chupa ya shamba lenye jina, kutoka kwa mtengenezaji mwaminifu, mara nyingi huanzia kwenye euro 60 ikiwa changa, na miaka huongeza. Majina makubwa yanavuka mia kadhaa bila kuona haya.

*Inamfaa* mwenye subira na mahali pa kuhifadhi, au anayemnunulia mtu anayejua anachopewa. Mgeni wa mvinyo anaweza kudhani umempa dawa.

Barbaresco

*Ardhi.* Zabibu ileile, ng'ambo ya Alba, kaskazini-mashariki. Vijiji vitatu, Barbaresco, Neive na Treiso, pamoja na kipande kidogo cha Alba. Mto Tanaro unapita jirani, vilima ni vya chini kidogo, joto ni zaidi, na zabibu huwahi kuiva.

*Pua na ulimi.* Waridi liko, lami imepungua. Chupa ya Asili ikiwa na miaka kumi hunukia kabla hujainua glasi: waridi, cheri, chai. Lakini usimwamini anayekwambia Barbaresco ni "Barolo ya wanawake". Msemo huo umenichosha. Onja ya shamba la Montestefano kisha uniambie.

Kama unataka kuelewa shamba moja ni kitu gani, mahali pa kujifunzia ni ushirika wa kijiji cha Barbaresco, Produttori del Barbaresco. Ulianzishwa mwaka 1958 na padri wa kijiji pamoja na wakulima 19 waliokuwa wakipunjwa bei ya zabibu, na mvinyo wao wa kwanza ulitengenezwa chini ya kanisa. Katika miaka mizuri wanatoa Riserva za mashamba tisa, zikiwemo Asili, Rabajà, Ovello, Rio Sordo na Montestefano. Kila kitu ni sawa: mavuno ya mwaka mmoja, watu walewale, mapipa ya aina moja, kukaa muda uleule. Kinachobadilika ni kilima. Jioni moja baada ya mavuno tulipanga glasi tatu juu ya kreti iliyopinduliwa: Asili, Rabajà, Montestefano. Ya kwanza ilikuwa ya kunusa zaidi ya kunywa. Ya pili ilijaza mdomo. Ya tatu ilikaza kama Serralunga, na mzee mmoja tuliyevuna naye akaicheka sura yangu. "Kijana, hiyo rudi uionje ukiwa na mvi."

*Umri.* Miezi 26 kwa sheria, tisa kati yake ndani ya mti, na Riserva miezi 50. Nyingi zinanyweka vizuri kati ya mwaka wa nane na wa ishirini. Zinavuka hapo pia, ila hutalazimika kungoja.

*Mezani.* Kanga wa kuoka, sungura, tambi ndogo za plin zilizojazwa nyama. Mbuzi wa kuoka kwa chumvi, kitunguu saumu na majani ya rozmari pia anafaa sana.

*Mfuko.* Hapa ndipo mwenye pesa ya kadiri anapopata shamba la kweli. Riserva za ushirika ule zilikuwa zikipatikana Italia kwa euro 50 hadi 80 nilipokuwa huko. Majina makubwa ya kijiji yana bei zao za peke yake.

*Inamfaa* anayefungua chupa mwaka huu, na anayetaka Nebbiolo bila vita.

Brunello di Montalcino

*Ardhi.* Sasa tunashuka Toscana, na zabibu inabadilika: Sangiovese, asilimia mia moja. Mwaka 2008 palizuka tuhuma kwamba baadhi ya nyumba zilichanganya zabibu nyingine, na mwishowe watengenezaji wakapiga kura kubaki na Sangiovese tupu. Mji wa Montalcino uko mita 564 juu ya bahari, na kusini yake Mlima Amiata wa mita 1,738 unazuia mvua nyingi. Mashamba ya kaskazini na ya juu yana baridi, yanatoa mvinyo mwembamba wenye uchachu. Ya kusini, upande wa Sant'Angelo, yanatoa mvinyo mnene wenye joto. Kwa kuwa hakuna ramani rasmi ya mashamba, muulize muuzaji swali moja: shamba hili liko upande gani wa mlima? Asipojua, nunua kwa jina la mtengenezaji.

*Pua na ulimi.* Cheri chungu, ganda la chungwa lililoanikwa, tumbaku, majani ya porini, na kwa chupa za zamani kitu kama chai nyeusi iliyosahaulika jikoni. Uchachu wake ndio unaoubeba umri. Ukakasi upo ila hauumi kama wa Nebbiolo.

*Umri.* Hauuzwi kabla ya tarehe 1 Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno, na Riserva inangoja mwaka mmoja zaidi. Miaka miwili angalau iwe ndani ya mti. Familia ya Biondi-Santi ilihifadhi chupa tangu mavuno ya 1888, na sifa ya Brunello kuishi muda mrefu imejengwa juu ya chupa za nyumba hiyo. Kwa chupa za kawaida za shamba moja, kati ya mwaka wa kumi na wa ishirini ni salama. Mavuno ya 2010, 2015 na 2016 yana sifa. Ya 2014 yaliharibiwa na mvua, na baadhi ya nyumba hazikutoa Brunello.

*Mezani.* Nyama choma. Watoscana wana kipande chao kikubwa cha ng'ombe chenye mfupa kinachochomwa nusu nusu juu ya makaa, na mtu wa Malindi hahitaji kufundishwa hapo. Kachumbari iwe bila pilipili.

*Mfuko.* Inakaribia Barolo, mara nyingi kati ya euro 60 na 120 kwa chupa yenye jina la shamba, na Riserva hupanda.

*Inamfaa* anayependa nyama, na meza yenye watu mchanganyiko. Katika hizi tatu, ndiyo inayoeleweka upesi na asiyezoea.

Chupa yenyewe kabla ya jina

Hapa nina kinyongo. Hoteli moja ya pwani niliyowahi kuhudumu ilikuwa na kreti ya Barolo ya 1999, imewekwa stoo nyuma ya jiko la mkate. Mgeni alipoagiza, nilikuta kizibo kimejisukuma juu kiasi cha kucha, na foili imegandamana na shingo kwa sukari ya mvinyo uliovuja. Ndani ulinuka zabibu kavu zilizochemshwa. Tulifungua chupa nne kabla ya kukata tamaa. Shamba lilikuwa maarufu kabisa.

Mvinyo wa aina hii hutaka nyuzi 12 hadi 14, giza na unyevu kidogo. Stoo ya Mombasa au Dar yenye nyuzi 30 huumaliza ndani ya miezi. Kwa hiyo inua chupa kwenye mwanga na utazame kimo cha mvinyo: kwa chupa ya miaka kumi na tano uwe shingoni, ukishuka begani jiulize. Pitisha kidole juu ya kizibo, kisiwe kimeinuka. Muulize muuzaji chupa ilikaa wapi. Chupa ya kijiji cha kawaida iliyotunzwa vizuri ni bora kuliko Cannubi iliyoiva jikoni.

Ikisafiri kwa ndege, ilaze wiki mbili mahali pa baridi mashapo yatulie, kisha isimamishe wima siku moja au mbili kabla ya kufungua. Kizibo cha zamani humomonyoka, kizungushe taratibu na usikivute kwa ghadhabu. Mimina polepole, na mashapo yakifika begani, acha. Ushauri wa "kunywa kwa joto la chumba" uliandikwa na watu wenye vyumba vya nyuzi 17. Pwani, tia friji nusu saa kwanza.

Kwa hali yako

Unafungua mwezi huu, na wanywaji wamezoea kidogo: Barbaresco ya miaka kumi hadi kumi na tano, shamba lolote jema isipokuwa yale magumu.

Kuna nyama juu ya makaa na wageni wa kila aina: Brunello, ya upande wa kusini kama wanapenda mvinyo mnene, ya kaskazini kama mlo ni mrefu.

Unaadhimisha mwaka, mathalani mtoto aliyezaliwa 2010 au 2016, na una kabati la baridi au rafiki mwenye nalo: Barolo ya Serralunga, na uisahau huko.

Huna mahali pa baridi kabisa: usinunue ya kuweka. Nunua iliyokwisha komaa na uinywe karibuni, iwe yoyote kati ya tatu.

Unataka kujifunza: chupa mbili za Riserva za ushirika wa Barbaresco, mwaka mmoja, mashamba mawili. Alika watu sita mgawane gharama.

Pesa haitoshi kwa yote hayo: tazama Etna, Sicilia. Zabibu yake ni Nerello Mascalese, inaota kwenye udongo wa volkano, majina ya mashamba yanaitwa contrada, na chupa ya miaka minane ina wepesi unaokaribia Nebbiolo. Bei nyingi bado ni za kibinadamu.

Binamu akanijibu maswali yangu moja moja. Mzee ni mtu wa Asti, yaani wa Piemonte, kwa hiyo Nebbiolo anaijua tangu utotoni. Chupa itafunguliwa siku moja baada ya Krismasi. Mbuzi atakuwa wa kuoka. Pa kuweka ni nyumbani kwa shangazi, Malindi, joto la Desemba mnalijua. Akachukua Barbaresco ya 2011, Rio Sordo, na chenji ikaingia kwenye panettone mbili, keki za Krismasi za Waitaliano. Ilisafiri ndani ya suruali mbili za jinzi katikati ya sanduku. Shangazi hakufurahi kupokonywa nafasi, lakini chupa ilikaa wiki mbili kwenye droo ya mboga ya friji yake, imelazwa kati ya karoti na sukumawiki, lebo ikitazama juu.